Shamba Namba Kumi na Saba

"Daftari hili halitoki humu ofisini," alisema Mwanaisha, akaliweka mezani na kulifunika kwa viganja viwili.

"Sitaki litoke. Nataka nilisome hapa hapa, na wewe umekaa unaniangalia."

"Na Profesa akitukuta?"

"Mwambie nimekulazimisha. Hutakuwa umesema uongo."

Mwanaisha akaondoa mikono. Alikuwa katibu wa Jarida la Mazao kwa mwaka wa tisa sasa, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza anaonaje mambo ya pale. Zuhra Twahiru aliliona hilo usoni mwake mapema. Mtu ambaye hajaulizwa kwa miaka tisa huwa na mengi ya kujibu, ila huhitaji kuombwa vizuri.

Zuhra alikuwa amevaa sare ya polisi miaka kumi na tisa, mingi katika upelelezi hapo hapo Masasi, kabla ya kuacha kazi kwa hiari na kufungua ofisi yake ya chumba kimoja. Alishawahi kufuatilia wezi wa korosho ghalani, wachezea mizani, na mume mmoja aliyejifanya amekufa. Wizi wa makala ya kisayansi ulikuwa mgeni kwake. Lakini baada ya siku mbili za kusoma karatasi alishaona kuwa wizi ni wizi. Tofauti pekee ni kwamba hawa wa chuoni huitwa madaktari na huombwa kufungua mikutano kwa sala.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Daktari Agatha Nampoto, mtafiti wa magonjwa ya mikorosho katika Chuo cha Mazao ya Kudumu, alizunguka mashamba arobaini ya Newala kuanzia Mei hadi Septemba 2022. Akagundua kuwa mkorosho ukiondolewa machipukizi ya ndani mapema, kabla ya baridi, hushambuliwa kidogo sana na ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua, na salfa ya kupulizia hupungua kwa nusu. Jambo hilo kina mama wa Newala walikuwa wakilifanya siku zote. Agatha ndiye aliyelipima. Akaandika makala na kuipeleka kwenye jarida la chuo Februari 2023. Mhakiki, mtaalamu ambaye kwa taratibu jina lake huwa siri, alikaa nayo miezi kumi na moja kisha akaikataa. Miezi miwili baadaye ugunduzi ule ule ulichapishwa kwenye jarida la nje ya nchi kwa jina la Daktari Basil Mkwinda, mkuu wa idara ya Agatha. Agatha alipojaribu kuchapisha yake kwingine, mhariri wa huko aliandikia chuo barua fupi: mtumishi wenu ameiba kazi ya Daktari Basil.

Ijumaa saa tisa alasiri Baraza la Chuo lingekaa kumfukuza kazi. Mjumbe mmoja tu ndiye aliyeng'ang'ania kwamba uchunguzi ufanyike kwanza, Baraza likampa Zuhra siku tano. Leo ilikuwa Jumatano.

"Mswada namba nane wa mwaka 2023," alisema Zuhra, kidole kikiteremka kwenye safu. "Ulipokelewa tarehe sita Februari. Ukapelekwa kwa H-9. H-9 ni nani?"

"Sijui, afande. Majina anayo Profesa Emmanuel peke yake, kabatini kwake. Yeye ndiye mhariri mkuu. Huandika namba juu ya bahasha, anaifunga kwa gundi, anaiacha hapa kwangu. Anakuja mtu, anasema nimefuata ya H-9, anasaini, anaondoka."

"Na mhakiki naye hajui mwandishi ni nani?"

"Jina tunaliondoa." Mwanaisha alicheka bila furaha. "Lakini wanaotafiti mkorosho hapa ni sita, na mwanamke ni mmoja. Akiandika 'nilikaa na kina mama', tayari ameshajulikana."

Zuhra alitoa nakala ya ripoti ya mhakiki aliyopewa na Agatha. Alikuwa ameisoma mara nne na kila mara damu ilimpanda. *Huyu dada anajitahidi,* iliandika ripoti hiyo, *lakini Mkulima wa 17 hakuonyesha shamba. Alihojiwa ndani ya nyumba. Takwimu za jikoni si sayansi. Mwandishi awasilishe madaftari yake halisi ya shambani ili yahakikiwe.*

"Haya madaftari. Yalikuja?"

"Yalikuja. Manne. Agosti 2023. Nayo yakaenda kwa H-9. Hayajarudi."

"Ni kawaida kudai madaftari ya mtu?"

Mwanaisha akalivuta daftari upande wake, akalifungua kwenye ukurasa wa mwisho. Kulikuwa na mistari ya penseli, hafifu, iliyoandikwa na mtu asiyetarajia kusomwa.

"Hii nilijiandikia mwenyewe. Miaka mitano, miswada mia mbili na kumi na miwili. Ya wanawake thelathini na mmoja. Mwanaume anasubiri majibu miezi minne, mwanamke kumi. Waliodaiwa madaftari ni kumi na mmoja." Alimtazama Zuhra moja kwa moja kwa mara ya kwanza. "Wote wanawake."

"Na wahakiki wanawake?"

"Wako watatu. Hawapewi kitu. Profesa anasema wana majukumu ya nyumbani."

Zuhra alinakili tarakimu zote kwenye kijitabu chake. Kisha akaomba kitabu cha kupokelea barua, kile kikubwa chenye jalada jekundu ambacho kila ofisi ya nchi hii inacho na hakuna mwizi anayekikumbuka. Alitafuta Agosti 2023. Tarehe kumi na nne: *Kifurushi, madaftari manne, H-9.* Mbele yake palikuwa na sahihi iliyosomeka vizuri kabisa. *A. Mbawala.*

"Alfredi wa maabara?"

"Alfredi," alisema Mwanaisha.

Tangu Jumatatu Zuhra alikuwa na jina hilo kichwani. Alfredi Mbawala alikuwa fundi wa maabara ambaye Agatha alimwandikia barua ya onyo kwa kuvunja hadubini. Mtu mwenye kinyongo, mwenye funguo, na sasa mwenye sahihi. Ilikuwa rahisi mno, na Zuhra hakupenda vitu vinavyomjia vyenyewe. Hata hivyo alikwenda.

Alimkuta akiosha visahani vya vioo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Alfredi, hii sahihi ni yako?"

Alfredi aliitazama picha kwenye simu ya Zuhra, akakausha mikono polepole kuliko ilivyohitajika.

"Yangu."

"Madaftari ya Daktari Agatha uliyapeleka wapi? Usinijibu haraka. Yeye alikuandikia onyo, wewe ukachukua kazi yake ya miezi mitano, na kazi hiyo haikurudi. Mimi nikiwa Baraza, najua nitakalofikiri."

"Mama, mimi sikuyafungua hata kidogo."

"Uliyapeleka wapi?"

"Hadubini nilivunja kweli. Onyo lilinistahili. Sina neno na Daktari Agatha." Aliweka kitambaa pembeni. "Mkataba wangu unaisha Septemba. Anayeusaini ni mkuu wa idara."

"Sijakuuliza mkataba."

"Ndiyo nakujibu, Mama. Nilitumwa na mkuu wa idara. Daktari Basil. Bahasha zote za H-9 ananituma mimi, mwaka wa tatu huu. Ananiambia, 'Kanichukulie mzigo wangu kwa Mwanaisha.' Nasaini, namwekea mezani."

Zuhra alivuta kiti, akampa karatasi na kalamu.

"Andika hivyo hivyo ulivyosema. Na tarehe."

"Nitafukuzwa."

"Ukikaa kimya, keshokutwa atafukuzwa mtu ambaye hakuiba, na aliyeiba atabaki kuwa bosi wako. Sitakudanganya kuwa hutaumia. Andika."

Alfredi aliandika nusu ukurasa. Alipomaliza aliusoma kwa sauti ndogo, akausaini kwa herufi zile zile zinazosomeka.

Nje, Zuhra aliketi juu ya pikipiki yake bila kuiwasha. Sasa alijua H-9 ni nani, lakini kujua hakutoshi. Basil angesema: ndiyo, nilihakiki makala yake, na niliikataa kwa sababu kazi hiyo nilishaifanya mimi kabla. Na alikuwa na silaha. Fomu arobaini za ridhaa, kila moja na jina la mwenye shamba, idadi ya miti, tarehe na sahihi, zote za Juni 2022. Agatha hakuwa na hata moja. Kamati ya maadili ilimruhusu kuchukua ridhaa ya mdomo, na katika madaftari aliwaandika wakulima kwa namba tu ili kuwatunzia siri zao. Karatasi ya majina aliyobaki nayo nyumbani, Baraza lilisema mtu yeyote anaweza kuiandika jana.

Zuhra aliweka orodha hizo mbili juu ya tangi la mafuta. Vijiji vilikuwa vile vile, na idadi ya miti ile ile. Lakini katika orodha ya Agatha wenye mashamba ishirini na saba walikuwa wanawake. Katika fomu za Basil, wote arobaini walikuwa wanaume.

Agatha au Basil, mmoja wao alikuwa anadanganya kuhusu watu arobaini kwa mpigo. Akatafuta namba kumi na saba, yule aliyehojiwa ndani. Agatha: *Mama Mujibu, Mkunya, miti 63.* Basil: *Husseni Chitanda, Mkunya, miti 63. Amesaini 9 Juni 2022.*

Kwa nini mkulima wa korosho, mwezi wa Juni, miti inaanza kutoa maua, ahojiwe ndani ya nyumba? Swali hilo halikuwa na jibu Masasi. Akapiga kiki.

Huko juu Newala kulikuwa na ubaridi na ukungu ulikuwa haujaondoka vizuri ingawa saa ilishapita tano. Zuhra alianzia kwenye chama cha msingi cha wakulima. Karani, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakuona ubaya wowote kumwonyesha rejista ya salfa ya mwaka 2022, iliyoandikwa mwezi wa Machi. Zuhra alisimama pale na fomu za Basil mkononi, akilinganisha jina kwa jina. Yote yalikuwamo, yameandikwa vile vile, na idadi ya miti pembeni. Mtu mwenye idadi ya miti kutoka madaftari ya Agatha, pamoja na rejista hii, angeweza kupata wakulima wake bila kukanyaga shamba hata moja. Lakini hilo nalo lilikuwa linawezekana tu, na Zuhra alihitaji zaidi ya linalowezekana.

Kijijini Mkunya alisimamisha pikipiki mbele ya mwanamke aliyekuwa anaanika makopa ya muhogo.

"Habari za kazi, dada. Shamba la Husseni Chitanda ni lipi?"

Mwanamke alinyanyuka, akashika kiuno.

"Husseni hana shamba hapa."

"Miti sitini na mitatu."

"Hiyo ya Mama Mujibu! Husseni alioa tu. Nenda mbele, nyumba yenye ua mpya wa mabua."

Ilimchukua Zuhra chini ya dakika moja kuambiwa hivyo, na hata injini alikuwa hajaizima. Aliiandika saa hiyo kwenye kijitabu.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, mwanangu. Pita."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umetoka mbali wewe, vumbi limekufika mpaka kope."

Mama Mujibu alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye macho yasiyokubali kudanganywa bei. Alitandika mkeka, akaleta maji, akasubiri mgeni anywe ndipo aulizwe. Zuhra alieleza amekuja kwa ajili ya nini bila kuzunguka. Aliposema Agatha anaweza kufukuzwa keshokutwa, mama yule aliweka chini kikombe alichokuwa amekishika.

"Wanasema hakuja?"

"Wanasema kazi ni ya mwanaume mmoja anaitwa Daktari Basil. Mama, miti ile ni ya nani?"

"Yangu. Kaniachia mama yangu. Kwetu huku mume anakuja na panga lake, shamba analikuta."

"Mbona kwenye rejista ya salfa limeandikwa jina la mzee?"

"Kwa sababu yeye ndiye alikuwa anakwenda kubeba. Mfuko mzito, foleni yote wanaume. Anayebeba ndiye anayeandikwa. Mie ningekwenda kugombania jina, salfa si ingeisha?" Alipunga mkono. "Jina halipulizi dawa."

"Daktari Agatha alikuhoji ndani. Kwa nini hukumpeleka shambani?"

Mama Mujibu alishusha sauti.

"Nilikuwa nimekaa eda. Husseni alifariki Mei mwaka huo, Jumamosi, tarehe ishirini na moja. Tulimzika siku ile ile. Mie nikakaa ndani miezi minne na siku kumi, sikutoka hata kwenye ua. Agatha alikuja hajui. Alipoambiwa, alivua viatu, akaja akakaa na mimi chumbani kwenye mkeka. Yeye Mkristo, lakini alikaa. Alinipa pole kwanza, mambo ya miti akaniuliza siku ya pili. Nikamweleza mti mmoja mmoja, upi nilikata matawi ya ndani, upi sikukata, kichwani ninayo yote. Mdogo wangu Rahima ndiye aliyempeleka kuhesabu. Alikuja mara tatu."

"Alikuja mwanaume yeyote kutoka Masasi? Juni? Kuhoji, kupima?"

"Juni nyumba ilikuwa bado ya msiba. Mwanaume mgeni asingefika kwangu, angepokelewa na kaka yangu. Sultani!" aliita. "Njoo huku!"

Mzee Sultani alitokea nyuma ya nyumba akiwa na jembe. Alisikiliza swali, akatikisa kichwa kabla halijaisha.

"Mimi ndiye niliyekuwa napokea wageni. Hakuja. Aje mtu wa chuo na vipimo vyake, mimi nisahau?"

Zuhra alifungua mkoba, akatoa fomu ya namba kumi na saba, akaisoma kwa sauti kisha akampa Mama Mujibu aitazame. Mjane aliishika mbali kidogo na macho. Alitazama sahihi kwa muda mrefu, ilikuwa na mikunjo mizuri na mstari chini.

"Hii ya Husseni?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Tarehe tisa Juni."

"Husseni alikuwa anaweka dole gumba. Miaka thelathini na minne nimeishi naye, hajapata kushika kalamu." Midomo ilimtetemeka, na Zuhra hakujua kama ni kicheko au kilio mpaka aliposema: "Huko alikokwenda wamempeleka shule?"

Mzee Sultani aligeuza uso. Mama Mujibu alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akainuka, akaingia ndani. Alirudi na cheti cha kifo kilichotunzwa ndani ya mfuko wa nailoni, alichokichukua ili abadilishiwe jina kwenye rejista mwaka uliofuata.

"Piga picha. Na mie niandikie, niweke dole. Hasira niliyonayo, ningekwenda huko Masasi kwa miguu. Kumwibia Agatha ni ubaya. Lakini kumwamsha mume wangu kaburini aje kuwa shahidi wa mwizi, hilo sitamsamehe."

Zuhra aliandika maelezo ya wote watatu, pamoja na Rahima aliyeitwa kutoka jirani. Kabla ya kurudi alipita mashamba mengine matano yaliyokuwa njiani. Katika manne aliambiwa jina la mwanamke. Katika la tano mwenye shamba alikuwa mwanaume kweli, akasema hajawahi kumwona Daktari Basil, ila yule daktari mama alimsaidia kushusha gunia.

Alhamisi saa tatu asubuhi walikaa watatu kwenye chumba kidogo cha mikutano cha chuo. Taratibu zilitaka mhariri mkuu awepo kama shahidi, kwa hiyo Profesa Emmanuel, mtu mnene wa sauti ya upole, aliketi mwisho wa meza akichezea kifuniko cha kalamu. Daktari Basil alikuja amevaa koti, akamwita Zuhra "dada yangu" mara mbili kabla hajakaa.

"Daktari, wewe ndiye H-9?"

"Hilo ni siri ya uhakiki, dada yangu."

Zuhra alisukuma mbele nakala ya maelezo ya Alfredi. Basil aliyasoma, akatabasamu.

"Sawa. Nilihakiki makala yake. Niliikuta imejaa matokeo yangu. Ningefanyaje? Niliikataa."

"Hukumwambia mhariri kwamba umeibiwa?"

"Nilimhurumia. Ni kijana, ni mwanamke, ana mtoto."

"Ukadai madaftari yake."

"Nione ameniibia kiasi gani."

"Yako wapi?"

"Yatakuwa yamepotelea maabara. Muulize Alfredi."

Zuhra aliandika jibu hilo neno kwa neno. Hakuwa na haraka. Alizipanga fomu arobaini mbele yake kwa utaratibu, akamwomba aeleze alivyofanya kazi. Basil alieleza vizuri, kama mtu aliyezoea kufundisha. Alianza Juni mosi na kumaliza Juni thelathini. Kila mwenye shamba alikutana naye mwenyewe.

"Ana kwa ana?"

"Ana kwa ana, chini ya miti. Ndiyo sayansi. Si kukaa na watu jikoni."

"Jikoni," alirudia Zuhra, akaandika. "Hakuna hata mmoja uliyemkuta nyumbani, mgonjwa, au ana udhuru?"

"Hakuna. Kila mmoja alinionyesha miti yake, akasoma fomu, akasaini mbele yangu."

"Hebu tuchukue mmoja. Namba kumi na saba, Mkunya. Unamkumbuka?"

Basil alichungulia jina. "Mzee Husseni. Namkumbuka sana. Mcheshi. Alinitembeza shamba zima, akanieleza alivyolifungua mwenyewe ujanani."

"Alisaini kwa mkono wake?"

"Mbele ya macho yangu."

Zuhra aliweka cheti cha kifo mezani. Hakukisukuma. Alikiweka tu mahali ambapo wote wawili wangeweza kukisoma, akasubiri. Profesa Emmanuel ndiye aliyekisoma kwanza. Kifuniko cha kalamu kilimponyoka kikabingirika mpaka chini ya meza, na hakukiokota.

"Tarehe ishirini na moja Mei," alisema Zuhra. "Siku kumi na tisa kabla ya kukutembeza."

"Basi... nitakuwa nimekosea tarehe."

"Ulisema ulianza Juni mosi. Umechapisha hivyo."

"Au alikuwa ndugu yake. Kule majina yanafanana."

"Mkunya nimeuliza mtu wa kwanza niliyemkuta njiani. Kabla sijazima pikipiki ameniambia shamba ni la Mama Mujibu. Husseni alioa pale, hakufungua shamba. Hakujua kusoma wala kushika kalamu. Mahali pekee duniani ambapo miti ile iliandikwa jina lake ni rejista ya salfa, na hapo ndipo ulipowapata wote arobaini. Hukukanyaga, Daktari. Ungekanyaga, wangekuambia." Aliweka mezani maelezo ya Mkunya yenye dole gumba, moja moja. "Leo saa nane naanza tena Newala na fomu zako zilizobaki. Unataka niende, au utaniambia madaftari yako wapi?"

Basil alitazama mlango, kisha Profesa. Hakuna aliyemsaidia. Koti lilionekana kumzidi ghafla.

"Yako nyumbani," alisema mwishowe. "Kabatini."

Zuhra alipiga simu polisi ili askari amsindikize kuyachukua. Walipoondoka, Profesa Emmanuel aliinuka, akafunga mlango kwa upole, akaketi kiti cha karibu.

"Afande, umefanya kazi nzuri sana. Sasa tulimalize kiutu uzima. Chuo kina jina. Mimi nitaongea na Baraza, mashtaka ya Agatha yafutwe leo hii. Kikao cha kesho hakipo. Makala ya Basil tunaiandikia masahihisho, anaongezwa jina. Basil na Agatha. Ana kazi yake, ana makala kwenye jarida la nje. Atake nini tena?"

"Jina lake liwe la pili?"

"La kwanza limeshachapishwa hivyo."

"Na wale wanawake wengine kumi waliodaiwa madaftari? Waliokwenda kwa H-9 ni wangapi?"

Profesa alikunja vidole. "Hayo hayakuwa kwenye hadidu zako za rejea."

Zuhra alimchukia wakati ule kuliko alivyomchukia Basil. Basil aliiba kwa kuwa alitaka kitu. Huyu alifungua mlango, akashika taa, na sasa alikuwa anazungumzia utu uzima. Lakini kazi haikuwa yake, ilikuwa ya Agatha. Mtu aliyekaa miezi mitatu bila usingizi, akijua anaweza kupoteza mshahara, nyumba ya chuo na jina, alikuwa na haki ya kuchagua amani kama anaitaka. Alipiga simu, akaiweka katikati ya meza kwa sauti.

"Daktari Agatha. Madaftari yamepatikana. Basil amekiri."

Walisikia mtu anavuta pumzi kwa shida, na anaiachia.

"Nimeshafunga vitabu kwenye maboksi," alisema Agatha. "Mama yangu alikuja jana toka Lulindi kunisaidia kuhama."

"Profesa yuko hapa. Ana maneno." Na Zuhra akalirudia pendekezo lote kama lilivyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza: mashtaka yafutwe, kikao kisiwepo, jina la pili. Akaongeza moja tu. "Kuna wanawake wengine kumi kwenye daftari la Mwanaisha. Ukikubali, hawatasikilizwa."

"Kikao cha kesho kinafutwa?"

"Ukikubali."

"Hapana," alisema Agatha.

Profesa aliinamia simu. "Agatha, mwanangu, fikiria. Ukienda mbele ya Baraza mambo yanaweza kugeuka. Kila mtu atasema."

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba."

"Nimeitwa mwizi mbele ya wanafunzi wangu. Waraka wa kunisimamisha kazi ulibandikwa ubaoni, mpaka mpishi ameusoma. Na mimi nataka kusikilizwa hapo hapo, siyo nyuma ya mlango. Kikao kibaki saa tisa kama mlivyokipanga. Nitakuja na hao kumi, wale watakaotaka."

"Kikao kiliitishwa kwa ajili yako kujitetea."

"Basi badilisheni viti," alisema Agatha. "Kile cha kujitetea akalie mwingine."

Simu ikakatika. Zuhra alikusanya karatasi zake, akazipanga, akamwomba Profesa Emmanuel ufunguo wa kabati la majina. Profesa alikaa akiutazama mkono ule ulionyooshwa, na Zuhra hakuurudisha mpaka alipoupata ufunguo.